Mahali pa Kufunga Kamba: Vishikio vya Kukwamulia na Bei Zake

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani kuja Afrika Mashariki husafiri ndani ya zile meli ambazo gari huingizwa kwa kuendeshwa na kutolewa kwa kuendeshwa. Bahari ikichafuka, kinacholizuia gari lisigonge la jirani ni mikanda iliyonaswa kwenye matundu na pete nyembamba zilizo chini ya chesisi. Meli ikifika Dar es Salaam au Mombasa mikanda hufunguliwa, pete hubaki. Miezi michache baadaye gari hilohilo limezama kwenye udongo mweusi wa mbuga, msamaria mwema amefika na kamba, anainama, anaiona pete, anatia ndoano.

Pete hiyo iliwekwa kuzuia gari lililosimama lisitikisike. Haikuwekwa kulinyofoa gari lililoliwa na tope hadi kwenye mlango. Wakati inakatika, haidondoki chini. Kamba iliyovutika hurudi ilikotoka kwa kasi, na kipande cha chuma kilichoshikwa nayo hurudi pamoja nayo, mara nyingi kikielekea kwenye kioo cha gari lenye dereva ndani. Vivyo hivyo kwa lile tufe la chuma la kufungia tela nyuma ya gari: huko Australia watu wamekufa kwa kupigwa na tufe lililokatika wakati gari jingine linakwamuliwa. Kwenye kamba inayovutwa kwa kishindo, tufe la tela halifai hata mara moja.

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia za kupata vishikio vya kweli vya kukwamulia, yaani zile sehemu za chuma zilizofungwa kwenye chesisi ambazo kamba inashika bila kuhatarisha mtu. Nawaandikia wenye Land Cruiser, Hilux, Prado, Patrol, Defender, Jimny na ndugu zake, wanaoyatumia magari hayo kazini au safarini: shamba, mradi wa maji, kliniki ya kijijini, watalii. Bei za dola nitakazotaja ni makadirio ya madukani huko Marekani na Australia zinakouzwa kwa wingi bidhaa hizi. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara.

Tuanze na mzigo, maana bila kuujua huwezi kulinganisha chochote. Jeshi la Marekani lina kanuni ya zamani ya kukadiria nguvu inayohitajika kulitoa gari kwenye tope. Tope likifika nusu ya gurudumu, hesabu uzito wa gari lenyewe. Likifika kwenye madigadi, zidisha kwa 2. Likifika kwenye bodi, zidisha kwa 3. Land Cruiser ya kazi iliyopakia watu, maji na mafuta hufika tani 3 bila shida. Ikizama hadi madigadini, unatafuta tani 6. Jimny mpya ina takriban tani 1.1 tupu, na hesabu yake ni nyepesi kiasi hicho hicho.

Kanuni hiyo inaonyesha pia kwa nini kifaa cha kwanza kununua ni beleshi. Ukichimba mbele ya kila gurudumu na kuondoa udongo uliogandamana chini ya difu, umelishusha gari kutoka daraja la 3 hadi la 2, au la 2 hadi la 1, kabla hujagusa kamba. Ukitoa upepo matairini hadi karibu 18 psi, tairi linalala na kushika eneo kubwa zaidi. Madereva wa Serengeti wanaopita Ndutu wakati wa mvua wanalijua hili vizuri kuliko yeyote: udongo ule una mfinyanzi unaovimba ukinyonya maji, na gari likizama hunatishwa kutoka chini. Mara kadhaa nimewaona wakichimba kwa utulivu nusu saa nzima huku wageni wakiuliza kwa nini hawavuti tu. Beleshi na kipimo cha upepo havifiki dola 40. Hakuna kishikio kinachofuta haja ya vitu hivyo.

Baada ya hapo kuna maandishi ya kwenye bidhaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Shakeli, ile pingu ya chuma yenye umbo la U inayofungwa kwa pini, huchorwa WLL 4.75T. Mkanda wa kuvutia ulio pembeni yake dukani umeandikwa tani 8. Mnunuzi anaona mkanda ndio imara. Kinyume chake ndicho kweli. WLL ni mzigo wa kazi, kiwango unachoruhusiwa kukibeba siku zote, na shakeli za viwango huwekwa kukatika kwenye takriban mara 6 ya hapo, yaani tani 28 na ushei. Tani 8 za mkanda kwa kawaida ni MBS, nguvu ya chini kabisa ya kukatikia. Kwa hiyo mkanda utakatika mapema sana kuliko shakeli, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: kitambaa kikikatika hupiga vibaya, lakini ni afadhali kuliko chuma kinachoruka.

Swali la kumwuliza muuzaji wa kitu chochote cha kukwamulia ni moja: hii tani ni ya kufanyia kazi au ya kukatikia? Asipojua, rudisha kabatini. Ikiwa kitu hakina maandishi kabisa, tena hakina jina la mtengenezaji, usikihesabu kuwa na nguvu yoyote, hata kama ni kinene na kimepakwa rangi nyekundu ya kuvutia.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni kutumia kilichokuja na gari, na bei yake ni sifuri. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, mara nyingi zina ndoano nene mbele, zimefungwa kwa bolti kwenye ncha za chesisi. Ndoano za namna hiyo zimebeba kazi kubwa miaka mingi na mimi sina ugomvi nazo kwa mvuto wa polepole ulionyooka. Kasoro yake ni kwamba ziko wazi: kamba ikilegea sekunde moja huchomoka. Defender za zamani, ambazo utengenezaji wake ulikoma Januari 2016, nyingi zimewekwa pete zinazoitwa JATE, kifupi cha taasisi ya Uingereza ya usafiri wa anga wa kijeshi, iliyozihitaji kwa ajili ya kufungia gari ndani ya ndege. Zinapita bolti kwenye chesisi na zimezunguka kabisa, kwa hiyo kamba haichomoki. Wenye Defender wengi huzitegemea, nami naona sawa ikiwa chesisi ni nzima na zinatumika mbili kwa pamoja.

Halafu kuna lile jicho la kusokota ambalo magari mapya hulificha kwenye boksi la zana, unalifunga kwenye tundu la bampa. Hilo ni la kuburuta gari lililoharibika kwenye lami. Limeshikwa kwa uzi mmoja wa skrubu, na likivutwa kwa pembeni hupinda. Kwenye tope, liache ndani ya boksi.

Kujua ulicho nacho, lala chini ya gari na tochi na brashi ya waya. Safisha tope mpaka uone chuma. Pete ya kufungia melini kwa kawaida ni kipande cha bati nene lililochomelewa, lina tundu refu lenye kingo kali, na mara nyingi liko mbali na ncha ya chesisi au limeelekea chini. Kishikio cha kweli kina kingo za mviringo, kimetoka kwenye ncha ya chesisi kikiangalia mbele, na kimeshikwa kwa bolti mbili au zaidi. Ukiwa hapohapo, gongagonga chesisi kwa nyundo ndogo karibu na ncha. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti butu na magamba ya kutu huanguka usoni. Magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yale yaliyokaa miaka mingi Mombasa, Tanga au Unguja, yaangaliwe kwa jicho kali zaidi. Kama ncha imeoza, pesa yote ya vishikio ihamishiwe kwenye kurekebisha chesisi. Hakuna bidhaa ya kununua inayoziba pengo hilo.

Njia ya pili ndiyo iliyoenea kuliko zote: unakwenda kwa fundi wa kuchomelea, anakata pleti, anatoboa tundu, anachomelea kwenye chesisi au kwenye bampa, anapaka rangi nyeusi. Kazi inaisha kabla ya chakula cha mchana na bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya vishikio vya kuagiza. Fundi atakwambia, "Bosi, hii hata lori inavuta." Anaamini anachosema, na weledi wa mafundi wetu kwenye vyuma ni mkubwa. Tatizo haliko kwenye mkono wake. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha chesisi kilicho pembeni ya mshono, na nyufa huanzia papo hapo, hasa mshono ukiwa umekatiza upana wa chesisi. Tena mshono mzuri na mshono mbovu huonekana sawa ukishapakwa rangi. Kuujua ule uliopenya sawasawa kunahitaji vipimo ambavyo gereji za kawaida hazina. Unanunua kitu ambacho huwezi kukihakiki, ukikitegemea siku watu wamesimama karibu.

Bampa za chuma za kuchongesha mtaani ziko kwenye kundi hilo. Zinalinda taa na rejeta dhidi ya vichaka na ng'ombe, na kwa hilo zina thamani yake. Lakini zile pete mbili zilizochomelewa mbele ni pambo mpaka mtu akuonyeshe vinginevyo. Zimeshika kwenye bampa, na bampa imeshika kwenye chesisi kwa bolti ambazo hujui ni za namna gani.

Njia ya tatu ni ya katikati, na nadhani haijapewa heshima yake: fundi huyohuyo atengeneze kishikio cha kufunga kwa bolti. Hapa mteja ndiye anayepaswa kujua anachotaka. Pleti iwe na unene wa milimita 10 au 12. Ikatwe, itobolewe kwa drili na si kwa moto wa gesi, kingo za tundu zisagwe mpaka ziwe laini kama ukingo wa kikombe, maana kamba laini hukatwa na kona kali. Itumie matundu ambayo kiwanda kilishayatoboa kwenye chesisi, yale ya bampa au ya ndoano ya zamani. Bolti ikipita chesisi upande hadi upande, ndani kuwe na kibomba kifupi cha chuma kinachoizunguka, vinginevyo ukikaza nati unaibonyeza chesisi, kwa sababu ndani yake ni tupu.

Kisha bolti zenyewe. Hapa tofauti ya bei ni ndogo mno na tofauti ya nguvu ni kubwa mno. Angalia kichwa cha bolti: utaona 8.8 au 10.9 imegongwa. Namba ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya chuma kwa megapaskali. Bolti ya milimita 12 yenye alama 10.9 hukatika kwa kuvutwa kwenye takriban tani 9. Ikikatwa kwa pembeni, kama ambavyo kishikio hufanya, hesabu asilimia 60 ya hapo, yaani tani 5 na kidogo. Ya 8.8 huhimili kama tani 4 kwa pembeni. Ile ya dukani isiyo na alama, ya chuma laini, hukomea kwenye tani 2 hivi. Mwonekano ni mmoja, zote zinang'aa. Wengine huchagua stenlesi kwa sababu haishiki kutu, na pwani sababu hiyo ina uzito, lakini bolti ya kawaida ya stenlesi yenye alama A2-70 ni dhaifu kuliko ya 8.8. Nunua 10.9, ipake grisi kwa nje baada ya kukaza, na uikague kila masika.

Je, kishikio cha namna hii kinalingana na cha kiwandani? Hapana, kwa sababu hakikujaribiwa kwenye mashine mpaka kikapinda. Mimi ningekitumia kwa mvuto wa polepole: winchi, trekta, au gari jingine linalovuta kamba iliyokwisha kunyooka. Nisingekitumia kwa mkanda unaovutika unaopigwa kwa kasi. Kwa mwenye gari la shambani ambalo hukwamuliwa na trekta la jirani mara mbili tatu kwa msimu, hili ndilo chaguo la busara na pesa inabaki kwa fundi wa mtaani.

Njia ya nne ni kuagiza jozi ya vishikio vilivyopimwa, vilivyobuniwa kwa aina ya gari lako hasa. Huko Australia vimekuwa bidhaa ya kawaida kwa Hilux, Prado, Land Cruiser na Patrol, na jozi huuzwa kati ya dola 100 na 250 za Marekani, bolti zikiwemo. Kwa pesa hiyo unapata chuma kilichokatwa kufuata chesisi ile, matundu yanayokubaliana na ya kiwanda, namba ya WLL iliyogongwa juu yake, na maelekezo ya nguvu ya kukazia. Kazi ya kufunga haihitaji kuchomelea popote. Fundi yeyote makini mwenye spana yenye kipimo cha nguvu anaimaliza kwa saa mbili. Jambo la kuangalia kabla ya kulipa ni kama vinafaa chesisi ya gari lililoletwa Afrika Mashariki: Hilux ya kabla na baada ya 2015 ni magari mawili tofauti huko chini. Mpigie picha muuzaji ncha za chesisi yako pamoja na matundu, na mtumie vipimo. Jozi isiyoingia ni hasara, na kishawishi cha kupanua tundu kwa moto ili iingie huondoa sababu yote ya kuinunua.

Njia ya tano ni bampa nzima ya chuma ya kiwandani yenye vishikio vilivyopimwa. Bei yake huanza karibu dola 800 na kupanda kupita 1,500, na usafirishaji wake ni mzito kwa sababu bampa ina kilo 50 hadi 80. Uzito huo unakaa mbele kabisa ya gari, springi zitauhisi, na siku ya tope pua ya gari ndiyo itakayozama kwanza. Kwa kampuni ya utalii inayotaka winchi na ulinzi dhidi ya wanyama, ni uwekezaji unaoeleweka. Kwa anayetafuta vishikio tu, ni kununua nyumba kwa ajili ya mlango. Tena si kila bampa ya kiwandani ina vishikio vilivyopimwa: nyingi zina matundu ya shakeli ambayo mtengenezaji mwenyewe, kwenye maandishi madogo, hasemi yanabeba kiasi gani. Uliza kwa maandishi.

Nyuma ya gari mambo ni rahisi. Kama una chuma cha kufungia tela chenye tundu la mraba la inchi 2, na kimefungwa kwenye reli zote mbili za chesisi, chomoa kile kipande chenye tufe, ingiza kipande imara cha chuma chenye tundu la shakeli, funga kwa pini. Kipande hicho ni dola 40 hadi 80 na ndicho kishikio cha bei nafuu kuliko vyote ukilinganisha na nguvu yake. Wapo wanaoingiza kitanzi cha mkanda moja kwa moja ndani ya tundu na kukishika kwa pini peke yake. Pini hiyo ilikusudiwa kushikiliwa na chuma kilichojaza tundu lote. Ikibebeshwa mzigo katikati hupinda, na ikishapinda haitoki tena mpaka ikatwe. Kuhusu mvuto wa pembeni, chuma cha tela hakiupendi. Vuta kwa mstari ulionyooka kadiri eneo linavyoruhusu.

Kwa nini nasema jozi mbele na si kimoja? Chesisi ina reli mbili. Ukivuta reli moja kwa nguvu ya tani 6, gari linataka kujipinda, na kishikio kimoja kinabeba yote. Mkanda wa kugawa mzigo, unaopita kutoka kishikio hadi kishikio na kushikwa katikati, hugawanya kazi. Lakini mkanda huo usiwe mfupi. Vishikio vikiwa sentimita 80 kutoka kimoja hadi kingine na mkanda una urefu wa mita 3, kila upande hubeba karibu asilimia 52 ya mvuto, ambayo ni nusu kwa nusu ya kweli. Mkanda wa mita 1 kwa nafasi hiyohiyo hupanua pembe mpaka kila upande hubeba asilimia 83, na pia huvikandamiza vishikio kuelekea ndani, upande ambao havikuundiwa. Pembe ikifika nyuzi 120, kila upande hubeba mzigo mzima, hujagawa chochote. Kati ya mkanda mfupi wa dola 25 na mrefu wa dola 45, tofauti ya dola 20 ndiyo inayofanya kazi.

Shakeli ya chuma au ile laini ya kamba iliyosukwa? Ya chuma ya WLL 4.75T ni dola 10 hadi 20, hudumu miaka, haijali kona kali wala moto wa ekzosi. Laini ni dola 20 hadi 40, ni nyepesi kiasi kwamba ikiruka haivunji mfupa kama chuma, na haigandi kwa kutu. Adui zake ni mchanga unaoingia ndani ya nyuzi, jua la miaka, na ukingo mkali. Kwenye vishikio vilivyosagwa vizuri ningechagua laini bila kusita. Kwenye ndoano za zamani zenye kona, chuma.

Mkanda unaovutika ni jambo linalostahili kuheshimiwa. Hunyooka hadi asilimia 20 hivi ya urefu wake na kurudisha nguvu hiyo taratibu, ndiyo maana hufanikiwa pale kamba ya kawaida inaposhindwa. Lakini nishati iko kwenye mwendo. Gari la tani 3 likiondoka kwa kilomita 10 kwa saa linabeba kilojuli 11.6. Kwa kilomita 20, ni kilojuli 46, mara 4 zaidi kwa kukanyaga mafuta kidogo tu. Wazalishaji wa Australia hushauri mkanda wenye MBS ya mara 2 hadi 3 ya uzito wa juu kabisa wa gari jepesi kati ya yale mawili. Kwa Hilux ya tani 3, ni mkanda wa tani 8 au 9, dola 40 hadi 80. Wa tani 15 si salama zaidi: haunyooki, na mshtuko wote unakwenda kwenye bolti zako. Watu wasimame umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na katikati yake patundikwe koti zito au mfuko wa mchanga. Cheni na waya wa chuma havivutwi kwa kasi kabisa.

Tukijumlisha: jozi ya mbele dola 200, kipande cha nyuma 60, shakeli laini mbili 60, mkanda wa kugawa 45, mkanda unaovutika 60. Ni dola 425 kabla ya usafiri na kodi. Kiasi hicho kinakaribiana na winchi ya bei nafuu peke yake, na najua wengi huanza na winchi kwa sababu inaonekana. Winchi bila kishikio kilichopimwa ni injini ya kuvunjia chuma dhaifu: ukitumia kapi na kuurudisha waya kwenye gari lako, nguvu ya kuvuta huwa maradufu, na sehemu unakourudishia waya lazima iwe imara. Kama bajeti haifiki dola 425, anza na nyuma na shakeli, ongeza mbele mwezi ujao. Kwa kampuni yenye magari matano au zaidi, vishikio viwe kwenye kila gari, mikanda na shakeli vigawanywe kwa kila safari; hivyo gharama kwa gari inashuka kwa karibu theluthi moja.

Wenye RAV4, X-Trail, Forester na magari mengine ambayo hayana chesisi ya kujitegemea wasitumie pesa yao kwenye haya. Bodi yao haina mahali pa kupokea mzigo wa tani 6, na kishikio kizuri kitang'oka na kipande cha gari. Beleshi, kipimo cha upepo, na mbao mbili za plastiki za kuwekea chini ya matairi, zinazoanzia dola 60 kwa jozi, zitawatoa mahali pengi kuliko kamba.

Baada ya kufunga, kaza tena bolti baada ya mvuto wa kwanza mzito, kisha chora mstari wa rangi nyeupe unaopita kwenye nati na pleti. Mstari ukivunjika, nati imesogea. Kishikio kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo, kinatupwa. Na kwa kuwa siku ya kukwama anayefunga kamba mara nyingi ni mtu mwingine, kwa haraka, pengine gizani, vipake rangi moja inayong'aa vile tu vinavyostahili kufungwa. Zile pete za melini zikate kwa grainda, au zizibe kwa bati, ili mgeni anayeinama na ndoano mkononi asipate mahali pengine pa kuitia.